Cape Town hawakufukuza boti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako, na nikizidisha we kata tu, lakini usikate pale kwa boti na daraja, hapo ndo maneno yangu yote yako.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kinyozini hapa Umoja nimekaa kwa foleni, mbele yangu watu wanne na mtoto mmoja analia hataki mashine imguse, sasa kijana mmoja akatoa simu akaanza kutuonyesha vidio ya Cape Town, ile V&A Waterfront, bandari yao ya zamani iliyofunguliwa kwa watu, maduka yanang'aa, lile gurudumu la kubebea watu linazunguka, nyuma yake Mlima Meza umejitandika wingu, na yeye anatuambia sasa hii ndo Mombasa inafaa kuwa, wabomoe yale magodauni mazee pale Bandari ya Kale, majahazi yaondoke, ijengwe moli moja kali watu waje na pesa. Kinyozi akasema kweli kabisa. Mwingine akauliza kwani waheshimiwa wetu si ndo huenda huko benchimaki, hizi safari za kujifunza kwa wenzetu, kila mwaka, wanarudi na nini. Mimi nikaguna. Wakaniuliza mzee mbona unaguna, nikaanza kueleza, zamu yangu ikafika, na wembe ukiwa shingoni huwezi kubishana na mtu, basi nikanyamaza nikaja nyumbani nikaona afadhali niandike.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Majengo, ingawa Nairobi nimekaa miaka mingi kuliko huko. Marehemu baba alikuwa kuli pale Kilindini, enzi za magunia mgongoni kabla kontena hazijamaliza kazi ya mabega. Akirudi jioni tulikuwa tunampekua mifuko juu kila mara kulikuwa na punje za buni zimeingia, tunazitafuna mbichi, chungu, lakini tulikuwa tunashindana. Bandari yenyewe hatukuwahi kuiona. Ilikuwa upande wa pili wa ukuta na geti na askari, tunaskia honi tu usiku. Mtoto wa kisiwani umezungukwa na maji pande zote na meli hujawahi kuzigusa. Nitarudi kwa huo ukuta.

Cape Town nilienda 2018, binti yangu alikuwa anasoma huko, nikakaa siku kumi. Na kwa vile mimi ni mtu wa bandari kwa damu, siku sita kati ya hizo kumi nilikuwa nashuka pale Waterfront asubuhi nazunguka mpaka miguu inauma, nasoma kila kibao, nauliza walinzi maswali mpaka wakanizoea. Kwa hivyo hii si stori ya vidio.

Kwanza hilo jina. Pale kinyozini wote walisema V&A ni Victoria na Albert, yaani malkia wa Waingereza na bwanake. Sio. Ni Victoria na Alfred, mtoto wake wa pili wa kiume, ambaye alifika Cape Town mwaka wa 1860 akiwa kijana wa miaka 16 tu, mwanamaji, na Septemba tarehe 17 wakampa kibehewa cha mawe akakimwaga baharini, ndo ukaanza ukuta wa kuvunja mawimbi. Kibehewa kimoja, watu wakapiga makofi, kijana akaenda zake. Yale mawe mengine yote unafikiri yalimwagwa na nani?

Ngoja nifike huko. Kitu mnafaa kujua ni kwamba ile ghuba yao, Table Bay, kwa picha ni nzuri sana lakini kwa meli ilikuwa kaburi. Kilindini kwetu Mungu alitupa bandari ameshaimaliza, jina lenyewe linakwambia, kilindi ni maji ya kina, meli inaingia kwenye mkono wa bahari inalala kama mtoto. Table Bay iko wazi upande wa kaskazini magharibi, na majira ya baridi upepo unatoka hukohuko, sasa meli imetia nanga, upepo unaisukuma nchi kavu, hakuna pa kukimbilia. Mwaka wa 1858 dhoruba moja ilivunja meli zaidi ya 30. Ndo kina Lloyd's wa London, hawa watu wa bima, wakasema basi, meli ikikaa Table Bay msimu wa baridi sisi bima hatuweki. Hapo ndo serikali ya koloni iliamka. Maombi ya mabaharia miaka yote hiyo hayakusikika, barua ya bima ikasikika siku moja, si ndo dunia ilivyo.

Na hata kazi ikiwa imeanza, Mei 1865 ikapiga dhoruba nyingine, meli nyingi zikaenda, na moja ya barua inaitwa Athens ikajaribu kutoka kwenda bahari kuu ikarudishwa kwenye mawe ikavunjika, watu wote waliokuwa ndani wakafa karibu kabisa na ufuo, watu wa nchi kavu wanawaskia wakilia na hawana la kufanya. Husemwa kiumbe pekee aliyetoka hai ni nguruwe.

Sasa mawe. Yale mawe yalivunjwa na wafungwa. Gereza lilijengwa hapohapo kwa ajili ya kazi hiyo, likaitwa Breakwater, na wafungwa wakawa wanachimba mwamba, shimo wanalochimba ndo linakuwa bandari na mawe wanayotoa ndo yanakuwa ukuta, mahesabu mazuri sana kwa mwenye koloni. Baadaye almasi zilipopatikana bara, wakaletwa pia walioshikwa na biashara ya almasi ya magendo. Na walikuwepo wengine ambao wengi hawawataji, watu wa jamii ya |Xam, hawa wawindaji wa zamani kabisa wa ile nchi, waliofungwa kwa makosa kama kuiba kondoo kwenye ardhi ambayo juzi tu ilikuwa yao. Mwaka wa 1870 msomi mmoja Mjerumani anaitwa Wilhelm Bleek akaomba ruhusa kwa gavana awachukue baadhi yao wakae kwake nyumbani wamfundishe lugha yao, yeye na shemeji yake Lucy Lloyd wakaandika madaftari na madaftari, hadithi, nyota, wanyama, mvua. Lugha yenyewe leo haina mtu anayeizungumza kama lugha ya mama. Lakini Afrika Kusini walipotafuta kaulimbiu ya nembo yao ya taifa mwaka wa 2000 wakaiandika kwa hiyo hiyo lugha. Yaani maneno yaliyotoka kinywani mwa mfungwa wa kuvunja mawe sasa yako kwenye nembo ya serikali. Nilikaa kwenye benchi nikalifikiria hilo mpaka chai ikapoa. Na hilo gereza? Leo ni la chuo kikuu cha Cape Town, ndani watu wanasomea biashara.

Beseni la kwanza, la Alfred, lilifunguliwa 1870, huyohuyo Alfred akarudi kulifungua. Kisha likaja la Victoria, kubwa zaidi, juu almasi na dhahabu zilileta meli nyingi mpaka nafasi ikaisha, na lilikuja kukamilika mwanzoni mwa karne iliyofuata. Mwaka wa 1882 ulikuwa mwaka wa vitu viwili ambavyo viko mpaka leo. Kimoja ni mnara wa saa, mwekundu, mwembamba, uko pale kwenye mlango wa beseni, ulikuwa ofisi ya mkuu wa bandari, na ghorofa ya pili kuna chumba cha vioo, aliweza kukaa ndani akaona kila kinachoendelea nje bila kusimama. Sisi leo tunafunga kamera tunadhani tumevumbua kitu.

Cha pili ni gudi la Robinson. Na hapa Mhariri naomba usikate.

Kwa wasiojua, gudi ni kama bafu kubwa la mawe limechimbwa kando ya maji. Meli inaingia, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanapigwa pampu yote, meli inabaki imekaa juu ya magogo kavu kabisa, tumbo lote nje, mafundi wanaingia chini kuikwangua na kuipaka. Hilo la Robinson linafanya kazi tangu 1882, na mimi nimeliona kwa macho yangu likifanya kazi. Ilikuwa meli ya uvuvi, imechakaa, kutu inabanduka vipande kama magamba ya mti, na kuna fundi mmoja ametundikwa kwenye jukwaa la mbao na kamba, na nyundo ndogo yenye ncha, anagonga, ka ka ka ka, anapuliza, anagonga tena. Juu yake kama hatua kumi hivi kuna fensi ya chuma, na kwa fensi wamesimama watalii na aiskrimu zao wanamwangalia. Nyuma yao hoteli. Mtoto mmoja akampungia mkono, yule fundi akampungia na nyundo akaendelea. Harufu ya rangi na samaki na kahawa zote kwa pua moja. Nikasema moyoni, laiti baba angeona hii.

Kwa sababu hiyo ndo siri yao, na kwa vidio haionekani. Bandari haikuondolewa ili moli ije. Iko hapo ndani, boti za wavuvi zinaingia na kutoka, mafundi wanagonga, nyavu zinatengenezwa, na sili wanalala kwenye matairi wanakoroma kama walevi, hawalipi kodi. Katikati kuna njia ya maji inaunganisha mabeseni mawili, na juu yake daraja la watu wa miguu ambalo linazunguka. Boti ikija kengele inalia, geti linashuka, daraja linageuka pembeni, na watu wote na mifuko yao ya shopingi, awe tajiri awe nani, wanasimama wanangoja boti ipite. Niliona mama mmoja amevaa vizuri anaangalia saa amekasirika, na boti yenyewe ilikuwa kitu kidogo tu, mzee mmoja na kijana wake na makreti. Walipita polepole bila haraka yoyote. Ndo daraja likarudi.

Sasa wale wanaosema bomoa, hebu waniambie, kwa plani zao za Mombasa, boti ikija nani atasimama?

Turudi kwa historia kidogo, juu bado hatujafika kwa moli. Hilo eneo lilikufaje mpaka likahitaji kufufuliwa? Meli zilikua. Miaka ya 1930 na 1940 wakajaza bahari udongo, wakapata karibu hekta 194 za ardhi mpya na beseni kubwa jipya la Duncan, na mji ambao zamani ulikuwa unashuka mpaka kwenye maji ukajikuta bahari imesogezwa mbali, katikati kuna reli na mabarabara na fensi. Miaka ya 70 zikaja kontena na gati zake, na mfereji wa Suez uliokuwa umefungwa tangu 1967 ukafunguliwa 1975, meli zilizokuwa zinalazimika kuzunguka Rasi zikapata njia ya mkato tena. Mabeseni ya zamani yakabaki na wavuvi na magodauni matupu, na fensi ya forodha kuzunguka yote. Watu wa Cape Town wa miaka hiyo walikuwa kama sisi wa Majengo, honi unaiskia, maji huyaoni.

Na hao watu wenyewe ni kina nani nayo ni stori. Makuli na wafanyakazi wengi wa bandari walikuwa wanakaa District Six, hatua chache tu kutoka bandarini, mpaka serikali ya makaburu ikatangaza mwaka wa 1966 kwamba hapo ni pa wazungu, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa wakatupwa mbali huko kwenye mchanga wa Cape Flats, nyumba zikapigwa buldoza. Sehemu kubwa ikabaki uwanja mtupu miaka mingi. Mwenye kusema bomoa tu kwa mdomo mwepesi aende akauone huo uwanja kwanza. Waliobomoa walikuwa na plani pia, nzuri kwa karatasi.

Basi 1984 meya wa mji, Sol Kreiner, akaunda kamati ya kuangalia namna ya kuwarudishia watu maji. Mwaka uliofuata serikali nayo ikaunda yake, ya Burggraaf, na kamati kwa kawaida ni pahali pa kuzikia mambo, sisi Wakenya tunajua hilo kuliko mtu yeyote, lakini hii ikasema jambo la maana, kwamba bandari ya zamani ifunguliwe kwa umma na majengo ya kihistoria yatumike tena, na kazi ya bandari iendelee hapohapo. Novemba 1988 kampuni ya V&A Waterfront ikaundwa, na skizeni vizuri, mwenyewe alikuwa shirika la serikali la uchukuzi, hili ambalo baadaye liliitwa Transnet. Ardhi haikupewa mtu. Akawekwa mkurugenzi David Jack, mtu aliyetoka kwa mipango ya mji, sio dalali wa ploti.

Na hawakuanza na moli! Hii naona hata hao waheshimiwa wa benchimaki hawakuambiwa, ama waliambiwa wakiwa kwa bafe. Walianza na yale magodauni na maofisi ya zamani pale karibu na mnara, wakayakarabati kidogo kidogo, mikahawa, baa, vyumba vya sanaa, wakaona kama watu watakuja. Watu wakaja. Moli yenyewe, Victoria Wharf, ilifunguliwa 1992, baada ya watu kuzoea kuja kuangalia maji bure. Na kumbuka ni miaka gani hiyo, Mandela ametoka jela Februari 1990, nchi inabadilika kila wiki, na hapa kuna mahali papya ambapo mtu yeyote anaweza kuingia kutembea. Jumba la samaki, Two Oceans, likafunguliwa 1995. Na 2001 wakafungua lango la Nelson Mandela la kupandia boti za kwenda kisiwa cha Robben. Wafungwa wa kisiasa nao walipitia bandari hiihii, kwa gati moja dogo linaitwa Jetty 1, na mama zao na wake zao wakija kuwatembelea wanapandia hapo. Kwa hivyo ile bandari ilianza na wafungwa wa mawe ikaja kuwa mlango wa wafungwa wa siasa, na leo hapo katikati wamesimamisha sanamu za waliopata tuzo ya Nobel, Luthuli, Tutu, De Klerk na Mandela, watoto wanawapanda mabegani wanapiga selfi. Sanamu ni fupi fupi, zimejaa jaa, mimi nilizipenda ingawa binti yangu alisema zinafanana na vinyago vya saruji.

Kitu kimoja cha mwisho cha majengo alafu niingie kwa pesa. Kuna silo ya nafaka ya 1924, mita 57 kwenda juu, enzi zake hakukuwa na jengo refu kuipita kusini mwa Sahara. Hapo ndo mahindi yalikuwa yanatoka bara kwa treni yanahifadhiwa kwenye mapipa ya saruji kabla ya kupakiwa melini. Iliacha kazi 2001, ikasimama tupu. Mtu wa kawaida angesema bomoa weka apatimenti. Wao wakamleta msanifu Mwingereza, Thomas Heatherwick, akakuta mapipa 42 ya saruji yamebanana, akachukua punje moja ya mahindi, akaipima umbo lake, akaikuza ikawa kubwa kama kanisa, alafu akakata umbo hilo ndani ya mapipa. 2017 ikafunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa ya Afrika, Zeitz MOCAA. Ukisimama ndani unaangalia juu unaona mapipa yamekatwa kama mtu alivyokata boga. Unasimama ndani ya punje ya hindi. Sisi tunaokula ugali mara saba kwa wiki hatujawahi kuiheshimu punje hivyo.

Sasa pesa. Mwaka wa 2006 Transnet na mifuko yake ya pensheni wakauza, mnunuzi akawa muungano wa watu wa Dubai na London pamoja na washirika weusi wa hapo nyumbani, kama randi bilioni 7. Kelele zikawa nyingi, kwamba mlango wa nchi umeenda ng'ambo. Miaka mitano baadaye, 2011, ikanunuliwa tena ikarudi nyumbani kwa randi bilioni 9.7, nusu kampuni ya Growthpoint na nusu mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa serikali. Hebu fikiria hilo kama mstaafu, na mimi ni mstaafu. Mwalimu wa Afrika Kusini, nesi, karani kama nilivyokuwa mimi, akinunua aiskrimu pale, sehemu ya kodi ya hilo duka inarudi kwa uzee wake. Mimi pensheni yangu ilichukua miezi kumi na moja kuanza kuingia, faili lilipotea mara mbili, na ofisi sitaitaja, ninachotaka kusema ni kwamba sijawahi hata kuambiwa pesa zetu zimewekezwa kwa kitu gani. Wao wanajua, wanaweza kwenda kuisimamia na macho siku ya Jumapili.

Sisemi pale ni peponi. Bei ni za kukufanya uvae miwani usome mara mbili, mimi chakula nilikuwa nakula kwa binti yangu. Wanaofagia na kuhudumu wanatoka Khayelitsha na huko Flats, wanaamka alfajiri kupanda teksi, zile matatu zao, na jioni wanarudi, na wale wa apatimenti za majini kwenye mifereji wanabaki na mandhari. Mlinzi mmoja aliniambia anafanya kazi pale miaka tisa na kisiwa cha Robben hajawahi kufika, tiketi ni pesa ya chakula cha nyumbani. Hilo nalo wasiige.

Nikirudi kwetu. Mombasa tayari kuna Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni, ilitengenezwa upya 2019, sherehe za Mashujaa zikafanyiwa hapo mwaka huohuo, na mimi nikienda nyumbani jioni lazima nipite, nanunua mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, naangalia meli zinavyoingia mlangoni karibu kabisa unaweza kusoma jina. Ni bure, watu wanakaa na watoto, wapenzi wamejibanza huko kwa mibuyu. Kwa hivyo hatuanzi na sufuri, kijana wa kinyozini ajue hivyo. Upande wa pili wa kisiwa ndo kuna hiyo Bandari ya Kale anayotaka ibomolewe, chini ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliianza 1593, na majahazi bado yanakuja na upepo, machache, sio kama zamani, na kuna mafundi wanaoweza kukuziba jahazi kwa pamba na mafuta vile babu zao walivyoziba. Hao ndo Robinson yetu. Ukiwaondoa ukaweka moli, utakuwa umeijenga moli nyingine tu ambayo Nairobi ziko kumi, moja imejipa jina la ufukwe na bahari iko kilomita 480. Mtalii hatatoka Ulaya kuja kuona eskaleta. Na mtoto wa Majengo atakuwa ametolewa ukuta wa askari akawekewa ukuta wa bei.

Kama kuna mtu anachora plani, na naskia huwa hazikosi kuchorwa, naomba mambo ambayo si makubwa. Fundi wa jahazi na mvuvi waandikwe kwa hiyo karatasi kabla ya parkingi, kwa mstari wao wenyewe, sio ile ya watashirikishwa. Ardhi ibaki ya umma, mtu akitaka kufanya biashara akodishwe. Waanze na godauni moja, lile lenye paa zima, waone kama watu watakuja, hata wali wa nazi na samaki wa kupaka unatosha kuanzia. Na fensi itoke, hiyo itoke hata kesho, haina gharama.

Kuhusu waheshimiwa, safari ijayo ya benchimaki nawaomba wasishuke kwa mlango wa maduka. Wamwambie dereva awashushe kwa mnara mwekundu, wasimame hapo kwa daraja wangoje kengele ilie. Itawachelewesha kama dakika tano au kumi hivi, na msafara wao hautaruhusiwa kupita.

Ni mimi msomaji wako,
Mstaafu, Umoja, Nairobi